Nyuzi Nne kwa Masikio ya Shangazi

Jumapili moja jioni Baba alirudi kutoka kwa dada yake, akaiweka fidla juu ya meza ya chakula ikiwa bado ndani ya sanduku lake, akavuta kiti, akakaa, akasema, "Amenisifu."

Mama alikuwa anapiga pasi. "Nani kakusifu?"

"Dada. Kasema nimepiga vizuri."

"Basi si ufurahi?"

"Nifurahie nini, mke wangu? Miaka hamsini na tatu hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Dada hanisikii tena."

Mama aliirudisha pasi kwenye kisahani chake. Mimi nilitaka kucheka, kwa sababu ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kupewa pongezi akarudi nyumbani kama aliyefiwa, na mtu huyo ni baba yangu. Lakini nilipomtazama usoni nikaacha.

Baba ni fundi baiskeli. Mtaa mzima unamwita Spoki, hata watoto wadogo ambao hawana ruhusa, na yeye huitika. Kibanda chake kina mlango mmoja, benchi moja, kiti kimoja cha wateja ambacho mguu wake umefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi, na magurudumu yaliyoning'inia darini. Gurudumu likipinda, mafundi wengine hulizungusha na kulitazama. Baba hulisikiliza. Hulipachika kwenye kishikio, akafumba macho, akaanza kuzigonga spoki kwa ukucha wa kidole gumba, moja baada ya nyingine: ting, ting, ting, tung. "Huyu kalegea," husema, na kuikaza kidogo. Anaziita spoki zake "huyu" na "yule" kama watoto wa darasa. Zikishalia sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, gurudumu limenyooka, na ukilitazama utakuta kweli limenyooka. Sikio hilo alifundishwa na Shangazi.

Shangazi anamzidi Baba miaka tisa. Ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani tangu akiwa msichana, na kati ya wateja wake alikuwepo mwalimu mmoja wa muziki aliyekuwa na suruali nyingi na mwili uliokataa kutulia. Leo kanenepa, kesho kakonda. Shangazi alimpanulia na kumpunguzia suruali zile, naye akamfundisha fidla. Mwalimu alipohama alimwachia moja, kuukuu, yenye mkwaruzo mgongoni. Shangazi akampa mdogo wake alipofikisha miaka minane, akamsimamisha mbele ya cherehani, akasema piga.

Alikuwa na rula ya mbao ya kupimia vitambaa. Baba akikosea, rula inagonga meza ya cherehani, tak! na Shangazi anasema neno moja tu: "Rudia." Hakusema umekosea wapi, ulitakiwa ujue mwenyewe. Basi Baba amekua hivyo, ameoa hivyo, amezaa hivyo, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana amekwenda kwa dada yake kugongewa rula. Kosa lake kubwa ni moja. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilinaswa na mnyororo wa baiskeli alipokuwa na miaka kumi na moja, kikapona kikiwa kimepinda. Kuna wimbo mmoja anaoupenda Shangazi kuliko nyimbo zote, na katikati ya wimbo ule kuna sauti moja inayomtaka asogeze mkono mzima ili kidole kile kifike. Baba ni mvivu wa kusogeza mkono. Sauti inatoka ikiwa imepungua unywele mmoja. Ukimtazama huwezi kujua, kwa sababu kidole kipo, kimesimama pale pale. Ni lazima usikie.

Na Shangazi alikuwa amesikia mamia ya mara. Jumapili ile hakugonga. Rula ilikuwa juu ya meza, Baba alituambia, na juu ya rula kulikuwa na vumbi.

Mimi nilikuwa nimempeleka Shangazi kwa daktari wa masikio mwaka uliotangulia. Daktari alieleza kwamba sauti za juu ndizo zinazotangulia kuondoka, ndege, kengele, wanawake wenye sauti kama yangu. Za chini hubaki zaidi. Alimpa kifaa cha kuvaa. Shangazi alikivaa siku mbili, akasema kinampigia miluzi, akakitia kwenye kopo la vifungo, na humo kipo hadi leo pamoja na vifungo vya makoti. Ukimkumbusha anageuza uso. Nilisema siku moja, kwa hasira zangu, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Baba akanipiga marufuku kuitumia methali hiyo ndani ya nyumba yake.

Asubuhi ya Jumatatu Baba alifungua sanduku, akaigonga fidla kwa ukucha, uzi mmoja mmoja, macho yamefumbwa. "Nyuzi hizi zimechoka," akasema. "Halafu ni za chuma tupu. Zinalia juu juu. Dada kabakiwa na masikio ya chini. Nataka nyuzi zinazolia chini."

"Baba," nikamwambia wazi, maana mimi subira sina, "ugonjwa uko kwenye masikio yake, hauko kwenye nyuzi zako."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo ni la nani hapo, na mhunzi ni nani?"

"Vaa viatu twende."

Duka la ala za muziki lilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Mwenyewe alikuwa mama mnene, mpole, anayetembea kati ya magitaa bila kugusa hata moja, jambo ambalo mimi mwembamba nilishindwa. Baba alimweleza shida yake yote tangu suruali za mwalimu. Nilikuwa nakanyaga mguu wake afupishe, lakini yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha fidla tatu kutoka ukutani.

"Baba, hii ina nyuzi za chuma, kama zako. Hii ni nailoni iliyoviringishiwa waya mwembamba. Na hii ni utumbo wa kondoo, nao umeviringishiwa waya. Nikupigie usikilize?"

"Ngoja kwanza," Baba akasema.

Akatia mkono kwenye mfuko wake wa zana. Akatoa pamba, akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto. Kisha akatoa vile vizuia kelele anavyovaa akikata vyuma, vikubwa kama bakuli mbili, akavivaa juu ya pamba. Akakaa kwenye kigoda katikati ya duka, mikono magotini, akapaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto, "SASA PIGA! NIWE KAMA YEYE!"

Kulikuwa na kijana anajaribu gitaa pembeni, akaacha. Mama mwenye duka alinitazama mimi. Nikainua mabega, ningesema nini? Baba ni wangu, sikumchagua. Lakini yule mama hakucheka. Aliweka fidla ya kwanza begani akapiga wimbo mfupi.

"MBU!" Baba akatangaza.

Akapiga huo huo kwa fidla ya pili.

"MBU ALIYESHIBA!"

Hapo mama wa watu alishindwa, akaweka upinde chini, akacheka hadi machozi, na mimi nikacheka, na yule kijana wa gitaa akacheka, na Baba akatutazama mmoja mmoja bila kuelewa kwa nini duka zima limefungua mdomo. Yule mama alipotulia akachukua ya tatu, ile ya utumbo, akapiga taratibu. Baba alinyanyua kichwa. Akainama mbele kidogo. Hakupaza sauti safari hii, ila alisema kama anavyosema kibandani kwake: "Huyu anaongea."

Alivua zile bakuli, akachomoa pamba. Mama mwenye duka akamwonya kwamba nyuzi za utumbo zina tabia zake. Jua likizidi zinabadilika, mvua ikija zinabadilika, kila siku utazikaza upya, na hata ukizifanyia wema zinaweza kukukatikia bila sababu.

"Usijali, mama," Baba akasema. "Mimi nimelelewa na mtu wa namna hiyo."

"Na jambo jingine. Uzi wa juu kabisa, hata ukiufanyaje, dada yako hataupata. Ushushe wimbo wenyewe. Ujifunze kuupiga kwenye nyuzi za chini, hizi nene. Na nyuzi mpya huwa zinavutika, zipe wiki mbili zitulie ndipo umwendee."

Baba akaangalia vidole vyake. Ana miaka sitini na moja. Wimbo ule alikuwa akiupiga mahali pamoja tangu akiwa mtoto, na sasa kila kidole kilitakiwa kihamie nyumba nyingine. "Sawa," akasema, akalipa, asibishane hata kidogo, yeye anayebishania bei ya nati.

Sasa ngoja niwaambie alichokifanya, maana ni fundi baiskeli peke yake anayeweza kukifanya. Nyuzi za fidla hukazwa kwa vigingi vinne vya mbao vilivyopenya kwenye shingo yake. Vya Baba vilikuwa vinalia kwii, kwii akivizungusha. Na Baba ana imani moja tu katika maisha, nayo ni kwamba kinachozunguka hutiwa grisi. Akavichomoa vyote, akavipaka grisi ile nyeusi ya mihimili ya magurudumu, akavirudisha, akafunga nyuzi mpya kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji. Akakaza wa kwanza. Akakaza wa pili. Wa kwanza ukajifungua, prrr. Akaurudia, wa pili ukajifungua. Vigingi vilizunguka laini kweli kweli, hilo hakuna wa kulikana. Havikuwa na nia ya kusimama.

"Vinateleza," akasema, ameshangaa.

"Havitateleza vipi?" Mama akajibu kutoka jikoni. "Umetengeneza baiskeli!"

Nikampigia simu yule mama wa duka. Nikamweleza habari ya grisi. Kisha nikasikia anamwita mtu aje asikilize naye. Alipoweza kusema, akatuelekeza: futeni grisi yote kwa spiriti, tundu kwa tundu, halafu pakeni chaki, chaki ya kawaida ya ubaoni. Mbao inashika kwa kukwaruzana, si kwa kuteleza. Tulifuta Jumamosi nzima kwa vijiti vilivyofungwa pamba. Harufu haikutoka, lakini vigingi vilishika.

Kisha zikafuata wiki mbili ambazo sitazisahau, kwa sababu nyumba yetu ni ndogo. Baba alijifunza wimbo upya, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Alfajiri kabla ya kazi, mchana akirudi kula. Nyuzi zilishuka, akazipandisha, zikapanda, akazishusha. Mama alijua wimbo ule hata akiwa anaoga.

Jumapili mbili hakwenda kwa dada yake. Alisema ana mafua, akanituma mimi nipeleke salamu. Na Jumapili ya pili niliyoyakuta kule hayakunifurahisha. Shangazi alikuwa amekaa kiti chake cha siku zote, kinachotazama mlango. Vikombe viwili vya chai mezani, kimoja kimefunikwa kwa kisahani. Nywele amesuka. Aliponiona mimi peke yangu aliangalia nyuma yangu kwanza, kisha akaangalia chini.

"Bado anaumwa?" akauliza.

"Bado kidogo, Shangazi. Jumapili ijayo anakuja." Ilinibidi nilisogelee sikio lake na kunenepesha sauti.

"Mwambie asijisumbue," akasema. "Mtu mzima ana kazi zake."

Nilirudi nyumbani moyo unaniuma. Nilimwambia Baba kwamba wiki mbili ni mbili, wala zisiwe mbili na siku moja. Kuhusu kikombe sikumwambia.

Jumapili ya tatu tulikwenda pamoja. Baba alivaa shati lake la mikono mirefu. Mlangoni akaniambia, "Akinisifu, wewe usiseme kitu. Tutakunywa chai tutarudi."

"Na asipokusifu?"

Alibisha hodi.

Chumba cha Shangazi kina dirisha moja, na chini ya dirisha ipo cherehani ya kukanyaga, ambayo siku hizi anaitumia kuegemezea kiwiko. Kopo la vifungo lilikuwa pale. Rula ilikuwa pale. Baba alimsalimia akiinama, akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akafungua sanduku. Shangazi akakaza macho kwenye vidole vya Baba, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ndipo nilipoelewa alivyokuwa akitudanganya muda wote ule: alikuwa akisikiliza kwa macho.

Baba akaweka fidla begani. Akaanza chini, mahali pale papya.

Sijui niwaeleze vipi sauti ile. Niliisikia wiki mbili nikiilaani, lakini ndani ya chumba kile kidogo ilikuwa na unene, ilitembea sakafuni. Shangazi alikuwa anatazama vidole. Vidole havikuwa mahali pake pa zamani, nikaona macho yake yamepotea, hayajui yashike wapi. Kisha yakaacha kuhangaika. Akayafumba. Miaka yote hiyo mimi sijawahi kumwona akiyafumba. Baba hufanya hivyo kibandani, kumbe si yeye aliyeanzisha. Mkono wa Shangazi ukatambaa juu ya meza ya cherehani, ukatulia.

Baba hakuona. Alikuwa anapambana. Alivuka mstari wa kwanza, akavuka wa pili, akafika pale. Kidole kilichopinda kikanyooka, mkono ukakataa kusogea, na sauti ikatoka ikiwa imepungua unywele mmoja.

Tak!

Vumbi liliruka kwenye rula. Nilishtuka hadi nikamwaga chai.

"Rudia," Shangazi akasema.

Upinde wa Baba ulibaki hewani. Mdomo wazi. "Dada, umesemaje?"

"Nimesema rudia. Mkono wako umelala. Mimi ndiye kiziwi, au wewe?"

Baba alijaribu kuinua upinde akashindwa. Machozi yalikuwa yanashuka, na huku anacheka, na mbele ya cherehani ile sikuona mzee wa miaka sitini na moja, nilimwona mtoto aliyekosea. "Unanisikia," alikuwa anasema. "Unanisikia. Unanisikia, Dada."

"Si vyote. Kuna mahali panapotea. Lakini hapo nimekusikia vizuri mno, na ni pabaya." Aliifuta rula kwa upindo wa gauni lake. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulipoacha kuja nilijua umegundua."

"Ulinisifu, Dada. Ningekosaje kugundua?"

"Ningefanyaje? Ningekwambia sikusikii, ungeacha kuja. Nani atampigia fidla mtu asiyesikia?"

"Mimi," Baba akasema. "Ningempigia mimi."

Shangazi aligeuza uso dirishani. Mabega yake yalipanda yakashuka, mara mbili. Mimi nilikuwa nafuta chai sakafuni, na nilifuta mahali pale kwa muda mrefu sana, hata pale ambapo haikumwagika.

Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu lakini rula ilikuwa mkononi. "Haya, rudia basi. Na hiyo fidla mbona inanuka baiskeli?"

"Ni hadithi ndefu, Dada."

"Utanieleza ukishapatia."

Hakupatia. Alirudia, rula ikagonga. Akarudia, ikagonga. Mpangaji wa chumba cha pili akabisha hodi kuuliza kama kuna mtu anapigilia misumari, Shangazi akamwambia akae asikilize au afunge mlango. Kati ya mara ya nne na ya tano aliniomba kopo la vifungo. Akachimba humo kwa kidole, akatoa kile kifaa, akakitazama kama mtu aliyegombana naye, akakivaa. "Mwambie binti yako aseme kitu," akamwambia Baba. Nikasema kitu. Akakunja uso. "Hiyo bado miluzi. Tutaona."

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Baba alinipa sanduku nilibebe, jambo asilolifanya kamwe, ili awe na mikono yote miwili ya kuzungumzia. Alipita mtaani akiwasalimia hata wasiomjua.

"Mara saba," akaniambia. "Ulihesabu? Kanirudisha mara saba!"

"Nilihesabu, Baba."

"Na ya saba pia ilikuwa mbovu," akasema, meno yote nje.